Kijana Anayepita Njiani

Tumeombwa tuseme juu ya urafiki na wageni. Tutaanza na kijana mmoja wa Malawi, kwa maana safari yake inafanana na ya wengi wanaopita hapa kwetu wakati majani chai yamekuwa mengi.

Jina lake Legson Kayira. Alitoka kijiji cha Mpale, kaskazini mwa Malawi, nchi iliyoitwa Nyasaland siku hizo. Mwezi wa Oktoba 1958, akiwa na miaka kama 16 hivi, alimuaga mama yake kwamba anakwenda Marekani kusoma. Kwa miguu! Mama hakujua Marekani iko upande gani. Alibeba chakula cha siku tano, shoka dogo, blanketi na vitabu viwili.

Chakula cha siku tano, na mpaka Khartoum ni maili 2,500 hivi. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Alikula matunda ya porini, akafanya vibarua vijijini apate chakula na mahali pa kulala. Lugha za watu wa Tanganyika hakuzijua. Kufika Kampala, mapema 1960, kulimchukua zaidi ya mwaka, na sababu si uvivu. Alikuwa akisimama afanye kazi, ale, ndipo aendelee.

Mengine mengi yameandikwa. Chuo cha Skagit Valley, jimbo la Washington, kilimkubali, na watu wa huko wakamchangia nauli. Kitabu chake, I Will Try, kilitoka 1965. Baadaye aliishi Uingereza, akawa ofisa wa kuwaangalia wafungwa wa kifungo cha nje, kazi ya jamii kama hii yetu, mpaka alipofariki 2012.

Waliochanga nauli wanakumbukwa. Lakini yule mama wa Tanganyika aliyempa jembe asubuhi na ugali jioni, nani anamjua? Sisi tunaona rafiki wa kwanza ni huyo. Hakumpa sadaka. Alimpa kazi, na kijana akala bila kuinamisha kichwa.

Sasa turudi hapa. Vijana wanakuja kwa miguu kutafuta kibarua cha kuchuma chai, wengine hawajui Kikipsigis hata salamu. Tumeona kijana akichuma tangu asubuhi, halafu jioni anaambiwa arudi mwisho wa mwezi. Atalala wapi, jameni? Huyo hatakuwa rafiki wa boma hilo. Kwingine amelipwa siku ileile, akapewa mursik, na msimu uliofuata akarudi mwenyewe, ameleta na mbegu za mboga za kwao. Tusidharau mambo haya. Wakati wa vita vya 1992 na vya 2008 huku Bonde la Ufa, wapo waliofichwa na majirani kwa sababu walikuwa wamekula pamoja.

Mtauliza: na akiiba? Ni swali la haki. Kayira naye hakuna aliyemjua. Basi kazi iwe ya mchana, shambani, mbele ya watu. Jina lake liandikwe kwenye daftari la kikundi, na mzee wa Nyumba Kumi aambiwe siku hiyo hiyo, si baada ya wiki. Na akiwa hajafika miaka 18, msimwandike kibarua. Mpeni chakula, kisha mmoja wenu amsindikize kwa chifu au kwa afisa wa watoto. Ndiyo, hata Kayira angeangukia hapo, na pengine angekasirika sana.

Liko jambo moja la kuamua leo kabla chai haijaletwa. Ni kikundi gani kina chumba kisichotumika kando ya stoo, na ufunguo utakaa kwa nani?