Mkate wa Sinia Usio na Deni

Haya ni mazungumzo ya bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya akina mama wa Kibarani.

Nimevuka Makupa kuja kwenu, wala sikuja na jambo geni. Nimekuja kuwakumbusha jambo tulilo nalo sote, nalo ni mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina.

Kwanza nitawasimulia aibu yangu mwenyewe. Mwaka nilioolewa, Idi ilipokaribia, niliona haya kuwaandalia wageni mkate wa mchele. Nilitaka keki ya dukani, yenye siagi na mayai. Mume wangu alikuwa kibarua wa bandarini, na siku za kazi zilikuwa chache. Nikaichukua keki kwa deni bila kumwambia. Keki ililiwa kwa saa moja. Deni nililipa kwa miezi miwili, nikipunguza fedha za unga na za mafuta ya taa.

Mavyaa wangu alipojua hakunigombeza. Alitazama chenga za mchele zilizobaki katika ungo, akaniambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Jioni ile akaziloweka, na kesho yake nikajifunza.

Wazee wale waliijua thamani ya chenga. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliokuwa ukiletwa kutoka huko ulikatika, nao ukaadimika katika pwani yetu. Ninyi nanyi wa Kibarani hamna haja ya kufundishwa habari ya kutupa, kwa maana kwa miaka mingi taka za mji mzima zilimwagwa hapa kwenu, mkaona kwa macho yenu vingi vilivyotupwa navyo vingali na faida.

Basi, vitu vitakiwavyo ni hivi: mchele vikombe 2, nazi kubwa 1, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki chache zilizotwangwa, na mafuta kidogo ya kupaka. Siagi haihitajiwi, wala mayai, wala unga wa ngano. Chenga zafaa sawasawa na mchele mzima, na bei yake ni nafuu. Ya nini kulipia punje nzima nawe utaisaga?

Lowekeni mchele tangu jioni. Asubuhi umwageni maji yote. Ikuneni nazi, mkamue tui zito, kikombe kimoja na nusu, kwa maji ya uvuguvugu. Machicha msiyatupe: yakamueni tena mpate tui jepesi la mchuzi, kisha wapeni kuku. Sageni mchele pamoja na lile tui, kwa jiwe au kwa mashine, mpaka kidole kisisikie punje. Rojo liwe kama uji mzito unaomiminika.

Hapo tieni hamira na iliki. Angalieni tui lisiwe la moto, kwani moto huiua hamira, na mkate hautaumuka. Funikeni, mngoje muda wa saa moja hivi. Rojo likiisha kuumuka, tieni sukari, mkoroge polepole. Ngano ina mnato unaovutika, nao huizuia hewa ndani ya unga. Mchele hauna mnato huo. Kwa hiyo rojo likiwa la majimaji, au likipigwa kwa nguvu baada ya kuumuka, hewa hutoka, mkate ukalala kama chapati.

Sasa tumefika kwenye moto, na hapa ndipo wengi huharibu. Pakeni mafuta sufuria nene, muipashe moto kidogo, kisha mimineni rojo lisizidi nusu yake. Funikeni kwa bati, mpange makaa juu yake. Ukiyagawa makaa yako mafungu matatu, fungu moja liwe chini na mawili yawe juu. Sababu yake ni kwamba chini rojo limegusana na chuma chenyewe, huungua upesi. Juu joto hupita hewani kwanza, ndipo lifike. Mwenye papara huongeza makaa ya chini, akapata mkate mweusi chini na mbichi juu. Msifunuefunue. Baada ya nusu saa hivi, chomeni kijiti cha ufagio katikati. Kikitoka kikavu, epueni. Upoeni kabla ya kuukata.

Na jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake ni sumu, huua watu usingizini. Watoto nao wakae mbali na lile bati la moto.

Mama zangu, sisemi keki ya dukani ni mbaya. Mwenye uwezo na ainunue. Nasema tu kwamba mgeni huja kutuona sisi, na mkate uliopikwa kwa mikono yetu haumvunjii heshima. Idi iliyofuata niliwawekea wageni mkate wa sinia na kahawa. Hakuna aliyeuliza keki iko wapi, na mwezi ule hakuna aliyekuja mlangoni kudai. Mume wangu alikula vipande viwili, akataka cha tatu, nami ndipo nilipomweleza habari ya lile deni. Alicheka, akasema alikuwa akijua siku zote, ila alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe.