Mwulizeni Mama Mwenyewe

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii, Kakamega

 

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si daktari wala si wakili. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu hapa kaunti ni kuandika habari na kupiga picha. Nilipoombwa nizungumze nanyi kuhusu sheria katika huduma za uzazi, nilimwambia aliyenialika kwamba amepotea njia. Akanijibu kwamba mmechoka kusomewa vifungu, na kwamba huenda mkanisikiliza mimi kwa sababu sina leseni ya kumnyang'anya mtu. Basi nitasema ninayoyajua, na mahali nitakapokosea, madaktari waliopo wanirekebishe.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kupiga picha katika wadi ya uzazi iliyokuwa imekarabatiwa. Palikuwa na mama aliyekuwa amejifungua usiku wa kuamkia siku hiyo, ameketi kitandani amempakata mtoto, mwanga wa dirishani unamwangukia vizuri. Nikamwuliza muuguzi wa zamu kama ninaweza kumpiga picha. Muuguzi akasema hakuna shida. Nikapiga, na chini ya picha nikaandika kwamba mama huyo alijifungua salama kwa upasuaji. Nilidhani nimewasifu madaktari.

Wiki mbili baadaye mama yule alikuja ofisini na dada yake. Hakupiga kelele. Aliweka gazeti mezani akaniuliza, "Ruhusa ya hii ulimwomba nani?" Kumbe kwao alikuwa amesema amejifungua kwa njia ya kawaida. Mnajua maneno ambayo mama aliyefanyiwa upasuaji huambiwa katika baadhi ya nyumba zetu, kwamba ni mvivu, kwamba hakusukuma. Mama mkwe alikuwa amesomewa gazeti na mjukuu. Niliomba radhi, lakini gazeti likishatoka halirudi. Siku hiyo nilielewa kwamba muuguzi hakuwa na ruhusa ya kunipa. Haikuwa yake.

Nimekuja na kisa hicho kwa sababu kesi nyingi za uzazi zilizofika katika mahakama zetu, ukiziondolea Kilatini na mihuri, zinarudi kwenye swali la mama yule.

Mnaikumbuka ya Bungoma. Si mbali, ni ng'ambo ya Nzoia. Agosti 2013, mama mmoja alilazwa katika hospitali ya umma ya Bungoma. Huduma ya uzazi bila malipo ilikuwa imetangazwa na Serikali ya Kitaifa Juni Mosi mwaka huo huo, lakini yeye alitakiwa anunue pamba na dawa ya kuanzisha uchungu. Alilala kitanda kimoja na mgonjwa mwenzake. Alikuwa ameambiwa kwamba uchungu ukianza aende mwenyewe kwa miguu hadi chumba cha kujifungulia. Akaenda, akakuta vitanda vimejaa. Akiwa njiani kurudi alizimia, akajifungulia sakafuni. Alipopata fahamu alikuta wauguzi wawili wanamfokea kwa nini amechafua sakafu. Walimpiga makofi, wakamwamuru abebe kondo lake mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia. Kuna mtu aliyerekodi hayo yote kwa simu, na nchi nzima ikayaona kwenye televisheni.

Kesi ilikaa miaka. Machi 22, 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba haki ya mama huyo ya afya na ya kuheshimiwa utu wake zilivunjwa, na kwamba alitendewa ukatili. Akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi.

Ninyi wauguzi husikia kesi hii ikisimuliwa kana kwamba ni ya wauguzi wawili. Mimi naisoma tofauti kidogo, na hapa nawasemea wenzangu wa ofisini. Mahakama haikuishia kwa waliopiga makofi. Ilisema serikali, ya kitaifa na ya kaunti, zilishindwa kutenga rasilimali za kutosha na kuweka utaratibu wa kufuatilia jinsi huduma inavyotolewa. Kwa hiyo muuguzi mmoja anapohudumia wadi nzima usiku, hilo ni jambo la bajeti, na bajeti haipangwi na muuguzi. Tukija kwenu na kamera zetu kufungua majengo, mna haki ya kutuuliza wahudumu wako wapi.

Lakini kofi halihitaji bajeti, wala kutopiga kofi. Watafiti wa mradi ulioitwa Heshima waliwahoji akina mama waliotoka kujifungua katika vituo 13 hapa Kenya. Mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa kwa namna moja au nyingine. Mmoja kati ya watano! Ukiwa na binti watano, piga hesabu yako.

Na sisi Kakamega lina uzito wa pekee, kwa kuwa tuliwaita akina mama wenyewe. Tangu 2013, kupitia Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, mpango ambao wengi bado wanauita Oparanya Care, kaunti hii iliwapa akina mama wasiojiweza shilingi 2,000 kwa awamu sita ili wahudhurie kliniki, wajifungulie kituoni na wamlete mtoto apate chanjo. Mwaka 2017 Bunge la Kaunti likautungia sheria. Nyinyi wahudumu wa afya ya jamii ndio mliopita boma kwa boma kuwashawishi waache kujifungulia nyumbani. Mama akija kwa neno lako kisha akatukanwa, hatarudi na mimba ya pili, na dada zake hawatakuja hata na ya kwanza. Wahudumu wa Navakholo na Khwisero mnaweza kunieleza hili vizuri kuliko ninavyowaeleza.

Sasa idhini ya upasuaji. Hapa ndipo ninapoulizwa maswali mengi zaidi nikiwa mashinani, hata na wanaume.

Mama yuko katika uchungu, mtoto amechoka, daktari amesema ni upasuaji. Fomu inatolewa. Na mara nyingi fomu hiyo haimwendei mama, inatafuta mume. Mume yuko Nairobi, simu imezimwa. Inatafutwa mama mkwe. Mama mkwe anasema tungoje kwanza, wao waliomba. Dakika arobaini zinapita. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9, inataka idhini ya mgonjwa mwenyewe. Mama mtu mzima mwenye fahamu zake ndiye anayetia sahihi. Hakuna mahali sheria imesema ndoa inahamisha tumbo lake kuwa mali ya ukoo. Kushauriana na mume ni vizuri, na mimi kama mtu wa huku najua amani ya nyumba ina thamani, lakini kushauriana si kuomba kibali.

Idhini yenyewe si sahihi tu. Sheria hiyo inataka aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Kama anaelewa Luwanga au Kikabras vizuri kuliko Kiswahili, mtafutieni anayeweza kumweleza. Kumweleza mtu katikati ya uchungu, kati ya maumivu na maumivu, ni kazi ngumu, ndiyo maana maelezo yanapaswa kuanza kliniki ya wajawazito, mwezi wa saba, akiwa ametulia.

Na akiwa amezimia? Hapo sheria haimfungi daktari mikono. Ikiwa kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebika, na mama hakuwa amekataa, matibabu yanaendelea. Katiba yenyewe, Ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Andikeni kwenye faili saa, hali ya mama, na kwa nini hamkungoja.

Dharura hiyo, hata hivyo, haifungui mlango wa mambo mengine. Desemba 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba haki za mama anayeishi na virusi vya Ukimwi zilikiukwa alipofungwa mirija ya uzazi bila idhini aliyoielewa. Kesi ilikuwa mahakamani tangu 2014. Tumbo likiwa limefunguliwa kwa ajili ya mtoto, si ruhusa ya kuamua kwamba huyu amezaa watoto wa kutosha. Nimewahi kusikia mtu msomi akisema, "Lakini ilikuwa kwa faida yake." Mimi pia picha yangu niliiona ya faida.

Niingie kidogo kwenye uwanja wenu, na hapa nitasema polepole. Akina mama wengi wanaofariki Kenya kwa sababu ya uzazi huondolewa na damu inayotoka kupita kiasi baada ya kujifungua. Sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Na kwa miaka mingi damu hiyo imekuwa ikikadiriwa kwa macho. Macho hudanganya, hasa usiku, damu ikiwa imenywewa na shuka na leso. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha akina mama zaidi ya 200,000. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Damu ikifika kiwango cha hatari, mambo yote hufanywa kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo lifuate jingine: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, kuchunguza inakotoka. Visa vikubwa vya kutokwa na damu vilipungua kwa asilimia 60.

Nimevutiwa na jambo dogo katika hilo. Namba iliyosomwa kwenye mfuko na kuandikwa na saa yake inamsaidia mama usiku huo, na inamsaidia muuguzi miaka mitano baadaye wakili anapoomba faili. Faili tupu halimtetei mtu, hata aliyefanya kazi yake vizuri. Na mama akisema anasikia kizunguzungu au anahisi damu inashuka, inueni shuka kwanza, maneno baadaye.

Mambo ya malipo nitayapitia haraka. Kumzuilia mama hospitalini kwa sababu hajamaliza bili si halali. Jaji Mumbi Ngugi aliamua hivyo Septemba 17, 2015, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani. Tangu Oktoba 2024 malipo yanapitia SHA, kwa hiyo wahudumu wa afya ya jamii, mama asajiliwe mapema, asianze kutafuta kitambulisho uchungu ukiwa umeshika.

La mwisho ni malalamiko. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinampa mgonjwa haki ya kulalamika na kujibiwa, na utaratibu wake ubandikwe mahali anapouona. Dhidi ya daktari anaweza pia kwenda kwa Baraza la Madaktari, dhidi ya muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Katika vituo nilivyotembelea nimeona masanduku ya maoni mazuri sana, yamepakwa rangi, yana kufuli. Kimoja nilipouliza ufunguo uko wapi, tuliutafuta hadi nikaondoka. Basi wasimamizi mliopo, leo mkirudi, tafuteni ufunguo, fungueni, msome yaliyomo hata kama ni ya mwaka juzi.

Mwenzangu aliye hapa na kamera atapiga picha wakati wa chai. Atamwuliza kila mmoja. Usipotaka, sema hapana, naye ataenda kwa mwingine. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na mama pale nyuma ambaye mkono wake umekuwa juu tangu nilipotaja Bungoma.