Usasi wa Kuketi: Wasiojiweza kwa Miguu na Wanyama wa Nyika ya Garissa



Nilipotakiwa kusoma mada mbele ya hadhara hii juu ya usasi wa wanyama wa nyika kwa mtu asiyejiweza kwa miguu, nilicheka kwanza, maana usasi wenyewe umekwisha kuharamishwa katika nchi yetu tangu Mei 1977, na mimi ninayetakiwa kuueleza sijapata kwenda hatua kumi bila ya magongo yangu mawili tangu polio iliponishika utotoni. Lakini kicheko kilipokwisha nikaanza kufikiri, na kadiri nilivyozidi kufikiri ndivyo ilivyonibainikia kwamba mambo haya mawili, marufuku ya serikali na udhaifu wa miguu, yana nasaba ambayo hatujaitazama sawasawa. Nami nitadai leo, kwa ruhusa yenu, kwamba siku bunduki ilipoondoka nyikani ndipo kiwete alipofunguliwa mlango.

(Nasema kiwete, wala sioni haya, kwa kuwa ndilo jina nililokua nalo, wenzangu wapendao kuitwa watu wenye ulemavu wana haki yao, na sheria iko upande wao.)

Tujiulize, miguu ya msasi ilikuwa na kazi gani? Walio wengi hudhani ilikuwa ya kumfukuzia mnyama, lakini ni wachache mno wanaoweza kumfukuza choroa mchana kweupe wakampata. Msasi hodari alikaa. Alikaa penye maji, au kando ya njia ya wanyama, upepo ukimjia usoni, akingoja. Miguu ilimfaa baada ya pigo. Waaweer wa msitu wa Boni, ambao kwao usasi ulikuwa ndio riziki, walipiga kwa upinde na mshale wa sumu, na mshale wa sumu hauangushi papo hapo: mnyama huondoka, na mpigaji sharti amwandame kwa nyayo na matone ya damu mpaka alipolala. Hali kadhalika kwa wenye bunduki. Kumjeruhi nyati kisha kumwacha vichakani amsubiri mchunga mbuzi wa watu ilikuwa aibu isiyofutika, na ndiyo maana asiyeweza kuifuata damu hakustahili kufyatua. Fauka ya hayo, kanuni za usasi za zama za ukoloni zilikataza kumpiga mnyama kutoka ndani ya motokaa. Ilikuwa kanuni ya insafu, iliyowekwa ili mnyama asionewe, lakini kwa mtu kama mimi ilikuwa ni mlango uliokomewa kwa ndani, kwa sababu motokaa ndiyo miguu yangu.

Sasa iondoe bunduki, utie darubini mahali pake. Hapana damu ya kufuatwa, hapana nyati wa kutafutwa vichakani jua likizama, na gari lililokuwa haramu limegeuka kuwa kibanda cha kuvizia kilicho bora kuliko vyote, kwa kuwa wanyama wa nyika wamelizoea na huona umbo lake moja tu, ila mlango ukifunguka na mtu mwenye miguu miwili akashuka, hapo ndipo wanapotimka.

Isidhaniwe kwamba nabuni. Hata katika siku za bunduki walikuwako wasasi wenye ila ya mwili. Lord Delamere, kabla hajawa bwana wa mashamba katika Bonde la Ufa, alikamatwa na simba katika nchi ya Wasomali miaka ya 1890, akaokolewa na mchukuzi wake wa bunduki, Msomali Abdullah Ashur, aliyemrukia yule simba. Tangu siku hiyo Delamere alichechemea, wala hakuacha safari, bali alishuka kutoka Berbera na msafara wa ngamia hadi akaingia nchi hii kwa upande wa kaskazini. Na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyefika Mombasa Aprili 1909, jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kupotea nuru, lakini uzuri wa nyika aliuona kwanza akiwa ameketi juu ya kiti kilichofungwa mbele ya gari la moshi, wanyama wakimpita kuume na kushoto, naye hakunyanyua mguu. Vitabu vimemtaja Delamere kwa kurasa nyingi, na Abdullah kwa mistari michache. Sisi wa Garissa tungefaa kuigeuza hesabu hiyo, maana bila ya msaidizi mwenye moyo hakuna msasi mwenye ila atakayerudi nyumbani, na hilo ni kweli leo kama lilivyokuwa siku ile.

Nyika yetu ina nini basi? Inao twiga wa madoa ya wavu, ambao Msomali huwaita geri. Inaye swala twiga, yule mwenye shingo ndefu asimamaye kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu, ambaye hata Wazungu walichukua jina lake kutoka kinywani mwa Wasomali. Inao choroa, tandala wadogo, ngiri, mbuni, na suguya wadogo walio wawili wawili chini ya kila kichaka. Na inaye hirola, swala adimu ambaye makao yake ya asili ni ukanda huu wa baina ya mto Tana na mto Juba wa Somalia tu. Walikuwa zaidi ya elfu kumi katika miaka ya 1970. Leo hawafiki 500, wameangamizwa na sotoka, ukame, majangili, na nyasi zilizogeuka kuwa vichaka. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamisha baadhi yao kuwapeleka Tsavo, wakazi wa Garissa walikwenda mahakamani kuzuia, wakisema mnyama huyu ni amana ya ardhi yao, nao kisha wakaonyesha kwamba hawakusema kwa ulimi tu, kwani jamii ya Ishaqbini, huko Ijara, ilitenga ardhi yake, na mwaka 2012 hirola 48 wakatiwa ndani ya uzio usiopitika na simba wala fisi ili wazae kwa amani.

Hapa niingie katika mambo madogo madogo, ambayo kwa mwenye kwenda kwa magongo ndiyo makubwa.

La kwanza ni kupanda gari. Pikapu zetu zimeinuliwa kwa ajili ya laga, yaani mito mikavu ya mchanga, na mawe, na kizingiti cha mlango hufika kifuani mwa aliyeketi. Niliwahi kwenda na dereva mmoja, mtu mwema, ambaye bila ya kuniuliza aliniingiza mikono makwapani akanirusha ndani kama gunia la sukari, mguu wangu mmoja ukabaki nje umenasa, na gongo likaanguka chini ya tairi likavunjika. Safari nzima tukamtazama mbuni mmoja kwa mbali, mimi nikiuguza kiuno. Tangu hapo mimi huenda na kibao changu cha ngazi mbili, alichonipigia seremala wa sokoni kwa mbao za mvule, na sharti langu kwa dereva ni moja: nishike pale nitakaposema, wala si pengine.

La pili ni ardhi. Kiti cha magurudumu kikifika kwenye mchanga wa laga, yale magurudumu madogo ya mbele huzama mara moja, na msaidizi asiyejua husukuma kwa nguvu mpaka wewe umepinduka kifudifudi. Kigeuze kiti kinyumenyume, ukivute, magurudumu makubwa yatangulie, utapita. Na tairi za upepo hazimalizi saa moja mbele ya miiba ya migunga. Fundi baiskeli akutilie mpira mzima, usio na hewa, ingawa utakutikisa mifupa.

La tatu, mto wa kukalia. Mwenye ganzi ya miguu akikaa saa nne juu ya bati la gari katika joto la adhuhuri ya Garissa atapata kidonda asichokihisi, na kidonda cha kukaa huweza kumlaza mtu miezi. Toka alfajiri, rudi kabla ya saa tano, utoke tena baada ya alasiri. Hizo ndizo saa za wanyama vilevile.

La nne ni upepo, na hapa wazee wasasi hawana mfano. Chukua majivu kidogo ya jikoni, uyafunge katika kitambaa chepesi, uyakung'ute. Yatakakoelekea ndiko harufu yako inakokwenda. Katika miezi ya kusi gari liegeshwe kaskazini ya maji, na katika kaskazi kinyume chake, kisha izime injini, na redio ya dereva, na ulimi wake ukiweza.

Nimeacha ngamia mwisho kwa makusudi. Hakuna gari lililopata kunipigia magoti. Ngamia hupiga. Wafugaji wetu tangu kale waliwapandisha wazee na wagonjwa wao juu ya ngamia wakati wa kuhama, wakiwaegemeza kwa mikeka ya tandiko iitwayo herio, na mimi nilipofungwa hivyo, mtoto mmoja akivuta kamba mbele, nilipita karibu na choroa watano ambao walinyanyua vichwa, wakamtazama ngamia, wakaona ni mwenzao, wakarudi kula. Mimi hawakunihesabu kuwa mtu. Nawashangaa wenye mahema ya watalii wanaonunua gari la mamilioni lenye lifti, na ngamia amelala nje ya lango.

Naomba niwaeleze jioni moja tu. Ilikuwa kusini ya mji, katika hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, nami nimeketi kwenye kiti changu chini ya mgunga, shuka nimejitanda, mpwa wangu amelala ubavuni kwangu mchangani asionekane. Tulikaa toka alasiri. Wakaja twiga saba, hawakuja kwa haraka, wakasimama hatua sitini hivi kutoka maji yalipo, na mkubwa wao akatazama kila upande kwa muda ambao mtu angeweza kusali rakaa mbili za taratibu. Kisha akaja ukingoni, akaitanua miguu ya mbele, kidogo, tena kidogo, ikitetemeka magotini, huku akiyumba kama mtu anayejaribu magongo kwa mara ya kwanza, mpaka ile shingo ikafika chini. Mpwa wangu alininong'oneza, "Mjomba, naye hawezi." Nikamfinya sikio anyamaze. Twiga alikunywa, akajinyanyua kwa mshtuko mmoja, matone yakaruka kutoka midomoni hadi karibu yetu, nikaisikia pumzi yake.

Bunduki ingefanya nini pale?

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kufika, kwa kadiri ifaayo, mahali pote na kupanda vyombo vya usafiri wa umma. Siombi lami mpaka kwa hirola. Lami ikifika, hirola hawatakuwapo. Naomba njia moja ya udongo ulioshindiliwa, upana wa kiti, kutoka mahali gari lisimamapo hadi kwenye kibanda cha kuvizia kilichoezekwa makuti, chenye tundu la kutazamia lililo usawa wa macho ya aliyeketi, maana matundu yote niliyoyaona yamekatwa kwa kimo cha aliyesimama, na mimi nimetazama mbao zaidi ya nilivyotazama wanyama. Na choo ambacho mlango wake unafunguka kwa nje. Seremala niliyemtaja yuko tayari, ameniambia bei yake, na vipimo ninavyo hapa mfukoni kwa atakayevitaka wakati wa chai.