Saa ya Marehemu Baba



Marehemu baba yangu aliniachia saa ya Uswisi, ya chuma cha pua, iliyojaa mikwaruzo. Jumamosi moja niliketi na kitambaa na dawa ya kung'arishia, nikaisugua hadi jioni. Sikujua kwamba kung'arisha hakujazi mkwaruzo: kinachofanyika ni kukipunguza chuma kilicho kando yake, mpaka uso wote ushuke na kulingana nao. Mikwaruzo midogo ilitoweka kweli. Lakini kingo za kasha, zilizokuwa kali, zikawa butu. Sehemu iliyotiwa mistari myembamba kiwandani ikang'aa ovyo kama sufuria. Na jina la baba lililochongwa mgongoni likafifia. Fundi wa saa aliitazama kwa lenzi yake, akasema, "Padre, chuma ulichokitoa hakirudi."

Katika Injili ya leo mwenye shamba awazuia watumwa wake wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano. Mimi nilikwisha kung'oa.

Mkwaruzo mmoja mrefu ungalipo. Baba aliupata akisukuma lori la kahawa matopeni. Fundi alitaka kuufuta, nikamwomba auache. Ninaivaa hivyo hivyo ninapoketi kuungamisha.