Mpaka wa Msitu na Kura: Mwananchi, Mgombea na Sera za Mazingira Kuelekea Uchaguzi Mkuu wa 2027

Utangulizi

Waandaaji wa semina hii, ambayo imewakutanisha viongozi wa vyama vya jamii vya misitu, waliomba mada itakayoeleza namna wananchi wanavyoweza kuwashinikiza wanasiasa wajifunge kwa sera imara zaidi za mazingira kabla ya Uchaguzi Mkuu, ambao kwa mujibu wa Katiba ya Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hiyo utafanyika tarehe 10 Agosti 2027. Ombi hilo ni pana mno, kwa kuwa mazingira yanajumuisha taka za mijini, hewa, mchanga unaochimbwa mitoni, mikoko na bahari. Mada hii itakaa zaidi kwenye suala moja, yaani mpaka wa msitu wa umma, kwa sababu ndilo suala la mazingira lenye uhusiano wa karibu zaidi na upigaji kura, na ndilo linalokwepwa zaidi majukwaani. Ieleweke tangu mwanzo kwamba mada hailengi chama wala mgombea yeyote.

Maana ya istilahi

Sera ni msimamo wa serikali kuhusu jambo fulani pamoja na njia ya kulitekeleza. Sheria ni kanuni iliyopitishwa na Bunge au bunge la kaunti na inayoweza kudaiwa mahakamani. Manifesto ni ahadi ya chama, ambayo haina nguvu ya kisheria hata ikichapishwa kwa karatasi ya kung'aa. Shinikizo ni hatua halali ya raia ya kumdai kiongozi au mgombea atamke msimamo wake na awajibike kwao. Haki yenyewe haihitaji maelezo marefu mbele ya washiriki hawa: kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, cha 69 kinaitaka serikali ifikishe eneo lenye miti angalau asilimia 10 ya nchi, na cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika.

Istilahi moja tu inahitaji uangalifu. Eneo lenye miti hujumuisha miti yote, hata mikaratusi iliyopandwa kando ya shamba, ilhali eneo la msitu huhesabu misitu peke yake. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilionyesha kwamba eneo lenye miti lilikuwa asilimia 12.13 na eneo la msitu asilimia 8.83. Mgombea anayejigamba kwamba nchi imevuka lengo la Katiba anasema kweli, lakini kweli hiyo haimwambii mpiga kura lolote kuhusu msitu wa asili ulio juu ya chanzo cha mto wake.

Mpaka unaohama kwa majira ya kura

Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilieleza kwamba sehemu kubwa ya ugawaji huo ilifanyika kabla au mara tu baada ya chaguzi za vyama vingi za 1992, 1997 na 2002. Huo ni ushahidi wa tume ya serikali yenyewe. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Oktoba 2001, miezi kumi na minne kabla ya uchaguzi wa Desemba 2002, ambapo takriban hekta 67,000 za misitu ya umma zilivuliwa hadhi ya msitu kupitia gazeti rasmi la serikali, sehemu kubwa yake ikiwa katika Msitu wa Mau.

Mau una ukubwa wa takriban hekta 400,000 na ni mmoja wa minara mitano mikuu ya maji nchini, yaani vyanzo vikuu vya mito, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Mlima Elgon. Jopokazi lililoundwa mwaka 2008 lilikadiria kwamba zaidi ya hekta 107,000, yaani karibu robo ya msitu huo, zilikuwa zimepotea katika takriban miongo miwili kutokana na kukatwa vipande kwa amri rasmi na uvamizi. Operesheni za kuwahamisha watu zilifanyika mwaka 2005, 2009, 2018 na 2019. Anayeiweka miaka hiyo kando ya kalenda ya uchaguzi ataona kwamba hakuna operesheni hata moja kati ya hizo iliyofanyika katika mwaka wa uchaguzi mkuu. Ardhi hutolewa kura ikikaribia na watu huondolewa kura ikishapita. Anayeumia mara zote mbili ni maskini aliyeambiwa kwamba karatasi aliyopewa ilikuwa hatimiliki.

Namna jambo hili linavyotendeka inafahamika na kila mshiriki anayeishi pembezoni mwa msitu. Mgombea husimama juu ya paa la gari katika kituo cha biashara na kutangaza kwamba, akichaguliwa, hakuna mtu atakayehamishwa. Hasemi kwamba mpaka utasogezwa, wala hahitaji kusema. Wiki chache baadaye huonekana watu wenye kamba na kopo la rangi wakipima vipande, bikoni, yaani mawe ya mpaka, hung'olewa usiku, mahindi huota katikati ya visiki, na kufikia uchaguzi unaofuata kuna shule, kanisa na orodha ya wapiga kura ambayo hakuna mwanasiasa aliye tayari kuigusa. Afisa wa misitu anayeandika barua wakati huo hujibiwa kwamba suala hilo ni nyeti. Limekuwa nyeti kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ilijaribu kufunga mlango huu. Chini ya kifungu chake cha 34, waziri hawezi tena kupunguza msitu kwa tangazo tu. Anayetaka mpaka ubadilishwe hupeleka ombi Bungeni, na ombi hilo hupita kwanza katika mchujo wa Shirika la Misitu (KFS), ili ithibitishwe kwamba mabadiliko hayataathiri, pamoja na mambo mengine, vyanzo vya maji na viumbe walio hatarini kutoweka. Muswada wa marekebisho wa 2021, uliozua mjadala mkali mapema mwaka 2022, ulikusudia kuiondoa hatua hiyo ya mchujo. Haukufika kuwa sheria, kwa sababu watetezi wa mazingira, maafisa wa serikali na wananchi waliupinga waziwazi. Lakini inafaa kukumbuka kwamba ulijadiliwa miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, na hakuna kinachozuia muswada kama huo kurejea.

Mwezi Septemba mwaka huo huo, wiki chache baada ya uchaguzi, ukaibuka mjadala wa kurejesha mfumo wa shamba, yaani utaratibu wa kuwaruhusu wakulima walime mazao ndani ya msitu wa kupandwa huku wakitunza miche. Mfumo huo si mbaya kwa asili yake, na baadhi ya vyama vilivyowakilishwa hapa huusimamia vizuri, lakini unapotamkwa na mwanasiasa bila mipaka wala masharti hugeuka kuwa kibali cha kuingia msituni.

Kwa nini mgombea hasikii

Maelezo ya kawaida ni kwamba wananchi hawana elimu ya mazingira. Mada hii haikubaliani nayo. Mkulima anayelima ndani ya msitu anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kijito kimekauka. Tatizo ni mahali kura ilipo: faida ya kukata msitu iko katika eneobunge moja, na hasara iko katika maeneobunge mengine, ama hata katika nchi nyingine. Mto Sondu, unaotoka Mau ya kusini magharibi, huendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60. Mto Njoro hulisha Ziwa Nakuru. Na Mto Mara hupita Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Viktoria katika ardhi ya Tanzania. Mvuvi wa upande wa Musoma hana kura Kenya, na mkazi wa nyanda za chini za Sondu hana kura katika maeneobunge ya juu. Mgombea wa juu mlimani hapotezi chochote kwa kuwasahau.

Hata hivyo, kifungu cha 34 kimebadilisha hesabu hiyo kwa namna ambayo wengi hawajaitambua. Maadamu mpaka haubadilishwi bila Bunge, kila mbunge nchini ana sauti juu ya kila msitu wa umma. Bunge la Taifa lina wabunge 349 mbali na Spika, na mpiga kura wa Kisumu, Nakuru mjini au hata Nairobi ana haki ya kumuuliza mgombea wake atasimama wapi ombi la kupunguza Mau litakapowasilishwa. Shinikizo kwa miaka mingi limeelekezwa kwa wabunge wa maeneo ya msitu, ambao ndio wenye sababu ndogo zaidi ya kulisikiliza.

Pia kuna suala la kubadilisha mada kwa miche. Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na lengo hilo halina ubaya, lakini kwa mgombea mche ni picha isiyo na gharama: hupandwa asubuhi mbele ya kamera, mara nyingine ukiwa bado na mfuko wake wa plastiki, na jioni ng'ombe ameshaukanyaga. Vyama vya misitu vinavyokubali kuandaa sherehe za aina hiyo wakati wa kampeni bila kuuliza swali lolote kuhusu mpaka vinajiumiza vyenyewe.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwanza kwamba madai yote kwa wagombea yawe kwa maandishi na yataje msitu kwa jina. Mgombea ubunge aulizwe kama atapinga ombi lolote la kupunguza msitu huo, na kama atalinda mchujo wa KFS katika kifungu cha 34. Jibu lake, au kukataa kwake kujibu, lisomwe katika mikutano, makanisani na misikitini, na katika redio za lugha za wenyeji. Swali la jumla kuhusu "kutunza mazingira" lisiulizwe kabisa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulijibu kwa "hapana".

Pili, madai yafike kabla ya kura ya mchujo ya vyama, si baada yake. Katika ngome za vyama mshindi hujulikana mara tu tikiti inapotolewa, na mgombea aliyekwisha kuipata hana tena sababu ya kumsikiliza mtu.

Gavana na mwakilishi wa wadi wadaiwe yale yaliyo ndani ya mamlaka yao, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za kitaifa za uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Hapa kipimo ni bajeti. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, yaani mpango wa miaka mitano unaoongoza matumizi yote, utaandikwa upya kwa kipindi cha 2028 hadi 2032 mara baada ya uchaguzi, na mgombea anapaswa kuahidi sasa fungu litakalotengwa kwa ajili ya kusaidia upimaji wa mipaka na malipo ya walinzi wa jamii. Fungu hilo litenganishwe na maji, kwa sababu katika kaunti nyingi idara ya mazingira imeunganishwa na ya maji, na kisima kina utepe wa kukatwa ilhali bikoni haina.

Inapendekezwa pia kwamba vyama vya nyanda za juu na vya nyanda za chini viandike madai yao kwa pamoja, mto kwa mto, ili mgombea wa Kisumu aulizwe swali lile lile analoulizwa wa Kericho. Na kwamba vyama vya Mto Mara viwasiliane na wenzao wa Tanzania, ambao taarifa zao za kina cha maji ni ushahidi unaofaa hata kama hawapigi kura.

Madai ya mpaka yasigeuzwe kuwa madai ya kufukuza watu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau, zilikiukwa, na Juni 2022 ikatoa amri kuhusu fidia na ardhi yao. Mgombea aulizwe atatekelezaje uamuzi huo, na aeleze tofauti kati ya jamii ya asili ya msitu na aliyeuziwa kipande na dalali. Bila swali hilo, neno "uhifadhi" litaendelea kutumiwa kuwaondoa wasio na mtetezi na kuwaacha wenye mashamba makubwa.

Irudiwe tena kwamba madai yawe kwa maandishi, yataje msitu, na yafike kabla ya kura ya mchujo ya vyama. Baada ya uchaguzi, wanachama wahudhurie vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, kwa kufuata tarehe za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma: mpango wa mwaka huwasilishwa ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ifikapo tarehe 30 Aprili.

Mwisho, sekretarieti ya semina inaombwa itafsiri kifungu cha 34 kwa Kiswahili chepesi, pamoja na Kikalenjin, Kimaasai, Kikuyu na Kidholuo, ikichape katika ukurasa mmoja, na kuufikisha kwa kila chama kilichowakilishwa hapa angalau miezi miwili kabla ya vyama vya siasa kuanza mchujo.