Joto la Giaboksi Katika Gari la Mbio
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka)

Vijana mliokaa huko nyuma, najua mmekuja kwa amri ya kengele na si kwa hiari.

Kamati iliniandikia ikiniomba nizungumze juu ya utumishi wa umma na kijana wa leo. Nilijibu kwamba mada hiyo imekwisha kuzungumzwa humu ukumbini zaidi ya mara moja, na kila mara vijana walisinzia. Nikaomba nipewe ruhusa ya kusema juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa kazi yangu baada ya saa za ofisi, yaani magari yaendayo kasi, na hasa kiungo kimoja ndani yake ambacho watu hawakikumbuki mpaka kife. Kiungo hicho ni giaboksi. Katibu wetu alicheka, kisha akakubali. Kwa hiyo lawama zote apelekewe yeye.

Iko na sababu nyingine. Baadhi ya wanachama wetu wamejaliwa kununua magari ya Kijapani yenye tabo, nao huyapeleka kwenye uwanja wa mbio siku zile ambazo mtu yeyote mwenye helmeti kichwani na ada mkononi huruhusiwa kuingia. Wawili kati yao wamekwisha kuua giaboksi, na injini zao zilikuwa nzima, breki nzima, matairi mazima. Giaboksi ya namna hiyo ikifa, fedha za kuitengeneza zingemtosha mtumishi wa serikali wa daraja langu kuweka msingi wa nyumba na kuanza kuinua kuta.

Tuanze na mambo ya darasani. Mmefundishwa kwamba nishati haipotei, hubadilika sura tu. Nguvu ya injini inapopita kwenye giaboksi kwenda kwenye magurudumu, haifiki yote. Meno ya gia husuguana, beringi husuguana, sahani za klachi huteleza kidogo kila gia inapobadilishwa, na gia zenyewe huichapa oili kama mwiko unavyosonga ugali. Kila kinachopungua njiani huwa joto. Tuchukue, kwa kukadiria tu, kwamba asilimia 5 hupotea hivyo. Katika gari linalokwenda mwendo wa kawaida barabara kuu, injini hutoa kilowati 20 hivi, basi giaboksi hupata joto la kilowati 1. Hewa inayopita chini ya gari hulichukua bila shida, na dereva hufika safari yake asijue kwamba jambo hilo lilikuwapo.

Sasa tulitazame gari lililojengwa kwa mbio. Nissan GT-R ya namba R35 ilionyeshwa Tokyo mwezi Oktoba 2007, na utengenezaji wake ulikoma Agosti 2025. Ilipoanza ilikuwa na injini ya lita 3.8 yenye tabo mbili, ikitoa kilowati 353, na uzito wake ulikuwa kilo 1,740. Asilimia 5 ya kilowati 353 ni zaidi ya kilowati 17. Birika la umeme la nyumbani hutumia kilowati 2. Kwa hiyo, dereva anapokanyaga mafuta mpaka chini, ni kama mtu aliyeweka mabirika karibu tisa ndani ya sanduku moja la chuma na kuyawasha yote kwa pamoja.

Ngojeni kwanza, maana hesabu haijaisha na naona kijana mmoja pale ameshatoa kalamu. Oili lita 10 zina uzito wa kilo 8 na nusu hivi, na kuipandisha digrii moja huhitaji kilojuli 17. Chuma na aluminiamu ya giaboksi, tuseme kilo 100, huhitaji kilojuli 60 hivi. Jumla ni 77. Dereva hakanyagi mafuta wakati wote, kwa sababu kona zipo na breki zipo, basi tuchukue nusu ya nguvu kwa wastani. Utaona kwamba, pasipo kupozwa kabisa, giaboksi hupanda digrii moja kila baada ya sekunde 9 takriban.

Huko Ujerumani uko uwanja wa Nürburgring uliofunguliwa mwaka 1927. Mzunguko wake wa kaskazini ni kilomita 20.8, umepita misituni, unapanda na kushuka mita 300 hivi, na mpaka leo mwananchi wa kawaida huweza kulipa na kuingia na gari lake. Nilipokuwa Ujerumani kwa kozi fupi ya kiserikali nilikwenda Jumapili moja kutazama. Gari zuri humaliza mzunguko ule kwa dakika 8. Dakika 8 ni sekunde 480. Gawanya kwa 9. Unapata digrii 53. Aliyeanza na oili ya digrii 80 anamaliza mzunguko mmoja akiwa na digrii 133, na bado alikuwa anataka mizunguko mitatu. Bila shaka hewa hupoza kiasi, lakini sasa mnaona jinsi muda ulivyo mfupi.

Tena GT-R ilikuwa na jambo lake la pekee. Wahandisi waliiondoa giaboksi mahali pa kawaida nyuma ya injini wakaipeleka nyuma kabisa ya gari, pamoja na klachi zake mbili na mtambo wa kugawa nguvu kwa magurudumu yote manne. Walifanya hivyo ili uzito ugawanyike vizuri mbele na nyuma, na kwa upande huo walifanya kazi nzuri sana. Lakini ukiweka mitambo yote hiyo pamoja, mbali na upepo wa mbele, umeweka pia joto lake lote pamoja. Wenyewe walijua, ndiyo maana waliweka kioo kinachoonyesha, pamoja na mambo mengine, joto la oili ya giaboksi. Magari mengi ya bei ya chini hayana geji hiyo, na mimi nasema hayo ni makosa ya waundaji.

Joto lenyewe linaua vipi? Oili ikipata moto huwa nyepesi. Ikiwa nyepesi mno, ule utando unaotenga jino la gia na jino lenzake hukatika, chuma kikagusana na chuma. Hapo msuguano huongezeka, joto huongezeka, oili huzidi kuwa nyepesi. Papo hapo oili huungua kwa hewa na kuwa nyeusi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila digrii 10 zinazozidi hupunguza umri wa oili kwa nusu. Sili za mpira hukauka zikawa ngumu kama soli ya kiatu, zikaanza kuvujisha. Sahani za klachi hung'aa kama kioo, zikashindwa kushika. Ukivuta harufu ya oili iliyofika hapo huisahau tena, ni kama karanga zilizoungua zikachanganywa na plastiki.

Mimi hupenda kuiona oili kati ya digrii 80 na 110. Ikipita 120 naanza kupunguza, na siingojei ifike 140. Lakini kila gari lina kitabu chake, na kitabu hicho ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa nije karibu na kwetu, maana iko sababu ya kijiografia ambayo sijasikia wenzetu wakiizungumza. Uwanja wa mbio ambao wanachama wetu huutumia uko nyanda za juu, upande wa Nairobi. Mji wa Nairobi uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu ikifika huko, basi na joto lake hupungua. Lakini injini yenye tabo huisukuma ile hewa nyepesi mpaka ikaribie kurudisha nguvu zake zote. Kwa hiyo giaboksi hupata joto karibu lilelile la pwani, ilhali hewa inayopaswa kuipoza imepungua. Mtu hudhani baridi ya asubuhi ya nyanda za juu inamsaidia. Inamsaidia kidogo tu, na kufika saa sita mchana haipo tena.

Nini kifanyike? Kwanza mtu aweke geji, kama gari halina. Watu hukimbilia kununua rejeta ya kupoza oili kabla hawajajua joto lao ni digrii ngapi. Hiyo ni sawa na kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Geji ikisema hali ni mbaya, ndipo rejeta ndogo yenye pampu na feni yake ifungwe mahali penye upepo wa kweli. Nimeona moja imefungwa nyuma ya sahani ya namba. Iwekwe na themostati, kwa sababu oili baridi mno nayo ni nzito na huzuia gia kubadilika sawasawa. Zipo pia zile zinazopoza oili kwa maji ya injini. Zinafaa, lakini maji ya injini yenyewe yana digrii 90 au zaidi, na oili haiwezi kuwa baridi kuliko kile kinachoipoza.

Kisha kuna mguu wa dereva, na hapa ndipo wenzangu hawapendi kusikia. Ile desturi ya kuondoka kwa kishindo mbele ya watazamaji ni ghali kuliko mizunguko. Kulifikisha gari la kilo 1,740 mwendo wa kilomita 36 kwa saa huhitaji kilojuli 87, na kadiri hiyohiyo takriban hugeuka joto katika sahani chache za klachi kwa muda wa sekunde moja na kitu. Fanya hivyo mara tano mfululizo, halafu utazame geji yako. Kubadilisha gia mapema kidogo, kabla injini haijafika mwisho wa mzunguko wake, hupunguza joto sana na hupoteza muda mchache. Na mzunguko wa mwisho uendeshwe pole ili hewa ipite. Mtu asiingie moja kwa moja, akazima injini, akaenda kunywa soda. Pampu ikisimama, oili hukaa palepale penye moto.

Mwaka 2022 mwenzetu mmoja, niliyelala naye bweni moja hapa tangu kidato cha kwanza, alikuwa na gari la Kijapani la klachi mbili. Jina la kampuni nitaliacha. Kila alipofika mzunguko wa nne taa ya joto iliwaka, na kompyuta ikapunguza nguvu ili kuikinga giaboksi. Akalipeleka gereji. Fundi akamwambia sensa ni mbovu, taa ile ni usumbufu tu, na atamwondolea. Gari likarudi, taa haiwaki, nguvu hazipungui. Mwenzetu akafurahi, akatupigia simu sote.

Mara ya pili uwanjani, mzunguko wa sita, nilikuwa nimesimama ukingoni. Niliona moshi mweupe. Oili ilikuwa imefura, ikatoka kwenye tundu la kupumulia na kuangukia ekzosi, moto ukashika chini ya gari. Yeye alitoka salama, na wasimamizi waliuzima. Lakini oili ilikuwa imemwagika barabarani, na kijana aliyemfuata akateleza, akagonga ukuta wa matairi, akavunjika mkono. Alikuwa na umri wa miaka 22. Mkono ulipona, ila haujanyooka vizuri.

Tulipoifungua giaboksi tulikuta sahani za klachi zimegeuka rangi ya buluu. Na kwenye waya wa sensa nilikuta kidude cha umeme, kizuizi cha bei ya mia chache za shilingi, kilichotiwa mahali pa sensa ili kompyuta isomewe digrii 90 siku zote. Sensa yenyewe tuliitia ndani ya maji ya moto tukaipima, na ilikuwa nzima kabisa. Tangu mwanzo ilikuwa inasema kweli.

Gereji ile sina maneno mazuri ya kuisemea. Lakini mwenzetu mwenyewe amenipa ruhusa niseme kwamba alipoambiwa taa itaondolewa, hakuuliza itaondolewaje. Nanyi vijana wa karakana, mtakapokuwa mafundi, wateja wa namna hiyo watakuja kwenu na fedha mkononi, tena watakuwa watu wazima wanaoheshimika.

Jambo la mwisho ni oili yenyewe. Baada ya siku ya uwanjani iliyopita digrii 130, mimi huimwaga hata kama ina mwezi mmoja, na hutumia aina iliyotajwa na mtengenezaji wa gari tu, kwa sababu klachi zinazozama ndani ya oili huchagua sana. Kizibo cha chini huwa na sumaku. Unga laini wa kijivu juu yake ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, ambavyo ukivishika vinachoma kidole, maana yake usiliwashe gari hilo tena.

Zile sahani za buluu nimezileta, ziko kwenye meza ile karibu na mlango. Mtakapotoka kwenda kula mnaweza kuzishika. Zimekwisha kupoa.