Mtaa Wetu Una Jina la Nani?

Mzazi wa Eastlands, makanga akiita "Mbotela!" na mwanao wa chekechea yuko pajani, mwambie Mbotela alikuwa mtu. Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU, aliuawa Nairobi mwaka 1952. Ukoo wake unatoka Freretown, Mombasa, kwa watumwa waliokombolewa. James Mbotela, wa ukoo huo, alisimulia habari zao katika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Mauaji yasubiri, mtoto bado mdogo. Anza na waliotekwa, wakapakiwa majahazini, wakawa huru, wakajenga, wakasoma. Atauliza walikula nini majahazini, maana watoto ndivyo walivyo. Usimnyamazishe. Mitaa ya Maringo na Jericho nayo ina jina la Ofafa, aliyekuwa diwani. Jioni hii mtembeze, umsimulie.